Geuza Picha, Uone Nyuma

“Imechorwa kwa mkono na msanii stadi, nukta baada ya nukta, ili upepo wa bahari uingie sebuleni mwako.”

Sentensi hiyo ni yangu. Niliiandika saa nane usiku kwenye keja moja ya Kahawa Wendani, bando ikikaribia kuisha, dirisha langu likitazamana na ukuta wa ploti ya jirani. Bahari iliyokuwa karibu nami ilikuwa kilomita karibu 500. Huyo msanii stadi sikumjua. Sikujua jina lake, wala kama ni mmoja au ni kumi, wala kama ni mwanamke au mwanamume. Nilichopewa ni picha, vipimo vyake kwa sentimita, na maagizo: maneno 150, neno “utulivu” litokee mara mbili. Malipo dola mbili.

Kwa miezi saba niliandika maelezo ya aina hiyo kwa duka moja la mtandaoni linalouza nakala za michoro maarufu zilizochorwa kwa mkono. Mimi nilipewa upande wa bahari: Seurat, Signac, Cross, wale Wafaransa waliochora pwani kwa vinukta. Niliandika zaidi ya mia mbili. Kwa hivyo kabla hujaniuliza najua nini kuhusu sanaa, mimi niliyeacha chuo mwaka wa tatu, elewa kwamba haya ninayosema yanatoka jikoni. Mimi sikuwa mgeni mezani.

Na ninasema hivi: kunakili picha si dhambi. Kununua nakala si ushamba. Dhambi ni kuutangaza mkono huku ukimficha mwenye mkono.

Wacha kwanza tuwaondoe njiani wale wa kucheka. Unawajua. Wanaingia kwa nyumba ya mtu kule Ruaka, wanaona mashua za Signac juu ya kochi, wanaangaliana na kutabasamu. Ati nakala. Ati angenunua kitu “halisi”. Halisi gani na iko wapi? Mwaka 1888 Georges Seurat alikaa kiangazi kwenye kijiji cha wavuvi kiitwacho Port-en-Bessin, kaskazini mwa Ufaransa, akachora picha sita. Leo moja iko Paris, moja iko New York, moja Washington, moja Uholanzi. Hata mzaliwa wa kijiji hicho anahitaji kusafiri ili aione bandari ya babu zake. Sasa mtu wa Pipeline aambiwe asubiri viza ndipo aruhusiwe kupenda rangi ya maji?

Tena hao mabingwa wenyewe walinakili. Seurat alipokuwa mwanafunzi wa sanaa Paris alitumia saa nyingi kunakili kazi za wakubwa waliomtangulia. Ndivyo mkono ulivyofundishwa. Paul Signac naye, mwaka 1880, akiwa kijana wa miaka 16, aliingia kwenye maonyesho akaanza kunakili mchoro wa Degas. Gauguin akamtoa nje, akamwambia hapa hatunakili. Yule kijana aliyefukuzwa kwa kunakili ndiye ambaye leo ananakiliwa kila siku ya Mungu. Kama kunakili kungekuwa kunaua kipaji, cha Signac kingekufia mlangoni siku ile.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki tusijifanye hatujui. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972 pale Dar es Salaam, lakini chui wake na ndege wake wanazaliwa upya kila wiki katika mikono ya watu wengine. Ukinunua tingatinga mtaani, angalia pembeni kule chini. Mara nyingi utakuta jina, na jina hilo ni la aliyeshika brashi. Mtindo una jina la marehemu na picha ina jina la aliye hai. Hakuna aliyedhulumiwa kwa mpango huo, na hakuna mnunuzi aliyewahi kurudisha picha kwa sababu mchoraji alijitaja.

Basi shida si nakala. Ili tuione shida yenyewe inabidi tuelewe nukta ni nini, kwa sababu maduka yameigeuza kuwa pambo.

Jaribu kitu. Dondosha tone dogo sana la maji kwenye kioo cha simu yako, mahali palipo peupe, kisha uangalie kwa karibu. Utaona vijinukta vyekundu, kijani na samawati. Hakuna nyeupe hapo. Nyeupe inatengenezwa ndani ya jicho lako. Watu wa Seurat walikuwa wakicheza na jambo linalofanana na hilo, ila wao walitumia rangi ya mafuta, na rangi ya mafuta haitoi mwanga kama simu. Ukichanganya nyingi pamoja kwenye kibao zinakuwa tope. Wakaamua wasizichanganye kwenye kibao. Waziweke safi, kando kwa kando, mchanganyiko ufanyike machoni mwa anayetazama.

Walikuwa wamesoma. Mkemia Michel Eugène Chevreul alisimamia upakaji rangi wa nyuzi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris. Wafumaji walilalamika kwamba rangi nyeusi yao imefifia. Akachunguza, akakuta rangi haina kasoro: nyeusi ilionekana mbovu kwa sababu ya rangi iliyokaa kando yake. Mwaka 1839 akachapisha kitabu kizima kuhusu namna rangi mbili zinavyobadilishana sura zikikaa jirani. Mama yeyote aliyewahi kuchagua leso dukani anajua habari hii bila kitabu. Buluu ikikaa karibu na chungwa, zote mbili zinapiga kelele. Ukiitenga kila moja, zinanyamaza.

Kwa hivyo kwenye bahari ya Seurat hakuna nukta iliyopo ili ipendeze. Kila moja iko hapo kwa sababu ya jirani yake. Ndani ya maji ya buluu utakuta chembe za chungwa, ndani ya mchanga utakuta zambarau. Picha yake kubwa ya watu waliopumzika kisiwani Jumapili, kwenye mto Seine, ilimchukua takriban miaka miwili. Kiangazi alikuwa akienda pwani ili, kama alivyomweleza rafiki, aoshe macho yaliyochoshwa na chumba cha kazi. Sisi kwetu kuosha macho ni mambo mengine, lakini nadhani umenielewa. Signac naye alichoka kuitwa mtu wa vinukta hadi mwaka 1899 akaandika kitabu kueleza kwamba jambo lao ni kutenganisha rangi, na nukta ni chombo tu.

Sasa rudi kwa zile nakala nilizokuwa naandikia. Nilitumiwa picha za karibu ili nisifu “umbile la kipekee”. Nikivuta kwa vidole viwili kwenye skrini nilikuwa naona hadithi ileile. Bahari imepakwa buluu moja kuanzia ukingo hadi ukingo, kama ukuta wa duka la soda. Imekauka. Halafu juu yake zimenyunyizwa nukta nyeupe, jinsi jamaa wa mahindi anavyonyunyiza chumvi na pilipili. Ukisogea karibu unaona nukta. Ukienda mbali bado unaona nukta, juu ya buluu. Hakuna kinachochanganyika kwa sababu hakuna kilichotenganishwa.

Seurat alipochora jioni ya Honfleur mwaka 1886, baadaye aliipaka nukta hata fremu ya mbao, ili rangi za pembeni zijibizane na zile za ndani. Kwenye nakala niliyopewa fremu hiyo haikuwepo kabisa. Nikaambiwa niandike kwamba mteja anaweza kuchagua fremu nyeusi, nyeupe, au ya dhahabu.

Hapo usimlaumu aliyechora. Duka lile liliahidi picha mlangoni mwako ndani ya wiki tatu, kukauka na posta vikiwemo. Ondoa posta. Ondoa kukauka, na rangi ya mafuta haina haraka. Gawanya kilichobaki kwa picha zote zilizo kwenye foleni. Mtu anayelipwa kwa kipande, si kwa saa, hawezi kuweka chungwa ndani ya buluu mara elfu kumi. Hata Seurat mwenyewe angenyunyiza chumvi. Kama nakala ni mbaya, ubaya huo umeandikwa kwenye bei na kwenye tarehe, na aliyeviandika hakushika brashi.

Hapo kuna swali ambalo duka halitaki uliulize. Kama unachotaka ni sura ya ile bahari tu, kwa nini usinunue chapa? Picha nzuri iliyopigwa kutoka jumba la makumbusho na kuchapishwa vizuri itakuonyesha zile nukta za chungwa mahali zilipo. Tena mashine ya kuchapa nayo hufanya kazi kwa vinukta vya rangi nne. Kwa upande wa uaminifu wa rangi, mashine itaushinda mkono wenye haraka, na kwa bei pia itaushinda.

Na bado watu wananunua ya mkono, na wanalipa zaidi. Kwa nini? Kwa sababu wanataka mkono. Wanataka kujua kwamba mtu fulani mahali fulani aliikalia hii kitu, akakosea, akarekebisha. Duka linalijua hilo vizuri. Katika maagizo yangu, “mkono” ndilo neno pekee nililoruhusiwa kulirudia mara nne. Kwa hivyo tuseme wazi bidhaa ni ipi. Seurat alikufa mwaka 1891 akiwa na miaka 31, Signac mwaka 1935, hati miliki zao zilishakwisha, hakuna anayezilipia. Sura ya picha ni ya bure. Kinachouzwa ni saa za mtu aliye hai. Na huyo ndiye pekee ambaye hatajwi.

Watasema, ni viwanda vile vya China, hakuna mtu pale, ni mstari wa mashine za binadamu. Uvivu huo. Kijiji cha Dafen, pale Shenzhen, kilianza kazi hii mwaka 1989, wakati mfanyabiashara wa Hong Kong aitwaye Huang Jiang alipofika na wachoraji wake. Kikakua hadi kuwa na maelfu ya wachoraji. Mtafiti Winnie Wong alikaa nao akaandika kitabu kilichotoka mwaka 2013, na anachokionyesha si ule mstari wa kiwanda ambao magazeti ya Magharibi yalipenda kuusimulia. Ni watu wenye vibanda vyao, wanafunzi wao, majivuno yao, na maoni yao makali kuhusu nani anajua kazi.

Mmoja wao ni Zhao Xiaoyong, ambaye alionyeshwa katika filamu ya mwaka 2016 kuhusu wachoraji wa Van Gogh wa China. Kwa miaka karibu ishirini yeye na jamaa zake walichora Van Gogh kwa maelfu na maelfu. Siku moja akasafiri hadi Amsterdam, akijua kwamba mteja wake mkubwa ana jumba la sanaa. Akakuta ni kibanda cha kumbukumbu za watalii, na picha zake zinauzwa kwa bei mara nyingi zaidi ya aliyolipwa. Kisha akaingia kwenye jumba la makumbusho akasimama mbele ya zile za asili, alizozijua kwa mkono kabla ya kuzijua kwa macho. Mtu wa aina hiyo utamwita mashine?

Mimi sikujua kama wachoraji wa duka letu walikuwa Dafen au kwingine. Kwa hivyo nikauliza. Ilikuwa mwezi wa saba, nilikuwa nimepewa picha ya Signac iitwayo Wakati wa Mapatano, na hii ndiyo iliyonivunja.

Wacha nikueleze hiyo picha. Signac aliichora kati ya 1893 na 1895, kubwa, takriban mita tatu kwa nne, na leo iko katika jumba la manispaa ya Montreuil, kando ya Paris. Ni pwani ya Mediterania. Watu wanacheza mchezo wa matufe, mmoja anasoma, kwa mbali kuna wanaocheza ngoma kwa mduara. Ni rahisi kudhani ni tangazo la likizo. Lakini Signac alikuwa anaunga mkono wapinga serikali wa wakati wake, na jina la kwanza la picha lilikuwa Wakati wa Uanaki. Alilibadilisha miaka ambayo serikali ya Ufaransa ilikuwa ikiwakamata watu wa mrengo huo. Anachokichora pale ni kesho: mfanyakazi aliyerudishiwa muda wake. Bahari ile ni hoja ya kisiasa.

Na mimi nilikuwa nimeketi mbele yake usiku, nimeagizwa niandike “utulivu” mara mbili, nikijua kwamba mtu mwingine, pengine usiku pia, ameagizwa aimalize kabla ya Ijumaa.

Nikaandika barua pepe. Nikasema kwa heshima kwamba maelezo yangekuwa na nguvu zaidi tukitaja jina la aliyechora nakala, hata jina moja tu. Jibu lilifika baada ya siku mbili: wateja hawanunui mchoraji, wananunua bahari. Wiki iliyofuata sikupata kazi, na iliyofuata pia sikupata. Hakuna aliyenifukuza, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniajiri.

Sijifanyi malaika. Unajua mahali nilipomjua Seurat kwa mara ya kwanza? Kwenye insha ya mtu mwingine. Nilipokuwa chuoni karo ilinishinda, nikaanza kuwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani, kama maelfu ya vijana wa hii Nairobi. Oda moja ilikuwa ya historia ya sanaa, kurasa kumi, rangi na sayansi katika karne ya 19. Nilisoma siku tatu bila kulala vizuri. Chevreul nilikutana naye hapo. Insha ikapata alama ya juu kabisa, na mteja akaniongeza dola tano kwa furaha. Yeye ana shahada sasa. Mimi nina yale niliyosoma, na sina karatasi ya kuonyesha kwamba niliyasoma.

Ule ulikuwa udanganyifu na mimi nilikuwa ndani yake, nalikubali. Ndiyo maana nikiona ukurasa unaosema “msanii stadi” bila jina, sihitaji kueleweshwa. Naijua hiyo nafasi tupu. Niliwahi kukaa humo. Mtu anakwambia ni kazi tu, umelipwa, unataka nini tena? Nataka siku nikiomba kazi nyingine niweze kunyoosha kidole nikasema ile ni yangu. Mchoraji asiye na jina hawezi kupandisha bei. Hawezi kupata mteja wake mwenyewe. Akizeeka na macho yakichoka, miaka yake ishirini haina ushahidi popote. Kutajwa jina ni mshahara pia. Ndio ule wanaopenda kuukata kwanza kwa sababu hauonekani kwenye risiti.

Kuna watakaoniambia wachoraji wengine hawataki kutajwa. Sawa. Waulizwe. Asiyetaka aandikiwe namba au alama yake mwenyewe. Wengine watasema jina la Seurat ndilo linalouza. Liacheni lilipo. Hakuna anayesema liondolewe. Andika: Seurat, Port-en-Bessin, 1888, nakala ya fulani, mwaka huu. Wino wake hauzidi shilingi moja. Ambaye hawezi kutumia shilingi moja kumtaja aliyechora, anaficha nini?

Kwa hivyo ninachokuomba wewe, unayepanga keja yako na unataka bahari juu ya kochi, ni kidogo. Kama hela ni chache, nunua chapa bila aibu. Itakuwa chapa ya kweli, na haimdai mtu jasho. Kama unataka ya mkono, uliza maswali matatu kabla ya kutuma hela. Nani amechora? Alipewa siku ngapi? Naomba picha ya karibu ya maji, nione kama kuna chungwa ndani ya buluu. Wakishindwa na la kwanza, usiendelee hadi la tatu. Na kama hela ipo kidogo, mtafute mchoraji wa hapa Nairobi, mwambie akunakilie Signac kwa mwendo wake, atie sahihi. Atajifunza kitu, kama Seurat alivyojifunza.

Na kama tayari unayo ukutani, usiitupe. Mtu aliikalia. Ishushe leo jioni, uigeuze. Nyuma pengine utakuta kitambaa kitupu na kibandiko cha vipimo. Chukua kalamu, uandike pale: “Nakala. Mchoraji hakutajwa.” Kisha uirudishe. Mgeni akikuuliza ni ya nani, mgeuzie asome.